Kamati ya Amani ya Waislamu na Wakristo Mtaani: Namna ya Kuiunda Kabla Moto Haujawaka

Oktoba 2012, Mbagala, Dar es Salaam, ubishi wa watoto wawili juu ya msahafu ulifika kituo cha polisi, kisha ukaishia kwenye makanisa yaliyovunjwa na kuchomwa. Miezi minne baadaye, Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mvutano wa nani achinje nyama ulimalizika kwa mchungaji kuuawa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoanzia kwenye mjadala wa Mungu ni nani. Yalianzia kwa watoto na kwenye bucha.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtaa mmoja, au kata moja ikizidi sana. Matamko ya viongozi wa kitaifa yana kazi yake, ila tamko lililosomwa Dodoma halimfikii kijana wa kijiweni Ijumaa saa nane mchana. Anayemfikia ni mtu anayemjua kwa jina, na mtu huyo lazima awe ameshapatana na mwenzake wa dini ya pili kabla ya siku hiyo.

Kwanza, ujueni mtaa (wiki mbili hadi tatu)

Msiitishe mkutano bado. Chukueni daftari kubwa la jalada gumu, mchore ramani ya mtaa kwa mkono: misikiti, makanisa, madrasa, bucha, banda la kitimoto, baa, vijiwe vya bodaboda, makaburi, viwanja vya mikutano ya injili na mihadhara. Mtu mmoja Mwislamu na mmoja Mkristo wazunguke pamoja. Kuonekana wakitembea pamoja tayari ni nusu ya kazi, hata kabla hawajaandika chochote.

Kisha waulizeni watu kumi wa aina tofauti swali moja tu: “Ugomvi ukitokea hapa usiku, unamwita nani?” Majina yanayotajwa mara tatu au zaidi ndiyo mnayoyatafuta. Mara nyingi hayatakuwa majina mliyoyatarajia. Imamu anayetambuliwa na Bakwata, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, huenda si yule ambaye vijana wa msikiti wa pili wanamsikiliza. Paroko huhamishwa baada ya miaka michache, lakini katekista yupo palepale miaka ishirini na anajua nani kamwoa nani. Mchungaji wa kanisa dogo la mabati lenye waumini arobaini anaweza kuwa na uzito kuliko yule wa kanisa kubwa la barabarani, kwa sababu waumini wake wote wanaishi mtaa huo huo.

Andikeni pia manung'uniko, kila upande peke yake. Mkiambiwa “hapa kwetu hakuna tatizo”, bado hamjafika bombani kuwauliza wanawake.

Watu kumi na wawili

Sita kwa sita, hata kama mtaa una Waislamu asilimia themanini au Wakristo asilimia themanini. Wengi watalalamika kwamba si haki, na hesabu yao ni sahihi, lakini hii si kamati ya kupiga kura. Upande mdogo ukiwa na watu wawili tu utakaa kimya, na mtakuwa mmeunda kundi la upande mmoja lenye wageni.

Katika kila sita, wawili wawe wanawake na wawili wawe chini ya miaka thelathini. Wanawake wasiwe wa kupika chai. Wao ndio wanaosikia mapema kwamba binti wa fulani ametoroka na kijana wa dini nyingine, na jambo hilo likiwafikia wazee siku ya tatu limeshachelewa. Vijana wasiwe wale watulivu wa kwaya na kaswida peke yao. Mnamtaka mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, na ikiwezekana yule aliyewahi kurusha mawe. Kaduna, Nigeria, imamu Muhammad Ashafa na mchungaji James Wuye walianzisha kituo chao cha upatanishi mwaka 1995 baada ya kuwa pande zinazopigana. Katika mapigano ya mwaka 1992 Wuye alipoteza mkono wa kulia, na Ashafa alipoteza mwalimu wake na binamu zake wawili. Kuaminiana kwao kulichukua miaka. Walisikilizwa na wapiganaji kwa sababu walikuwa wametoka mle mle.

Msiweke misikiti yote ya mkondo mmoja wala makanisa yote ya dhehebu moja. Msikiti wa Answar Sunna, Wasabato na walokole wakiachwa nje, makubaliano yenu yatavunjwa na watu ambao hawakuyasikia. Wakikataa kuja, wapelekeeni maamuzi kila mwezi kwa mkono, msichoke.

Diwani, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na polisi kata si wajumbe. Waalikwe kwa nusu saa ya kwanza kila baada ya mkutano wa tatu, kisha waage. Mjumbe akihisi kila neno lake linafika kituoni, hatasema lolote la maana.

Wenyeviti wawe wawili, mmoja wa kila dini, wakipokezana kuongoza kila mkutano. Muda wao uwe mwaka mmoja.

Mkutano wa kwanza: vitu vidogo vinavyoharibu

Siku. Ijumaa ni ya Waislamu, Jumamosi ya Wasabato, Jumapili ya Wakristo wengi. Jumatatu na Alhamisi kuna wanaofunga sunna, na Alhamisi usiku kuna Yasini. Jumatano jioni makanisa mengi yana mafundisho au mazoezi ya kwaya. Inabaki Jumanne. Anzeni saa kumi na robo, baada ya Alasiri, mmalize saa kumi na moja na nusu ili hakuna anayetazama saa akisubiri Magharibi.

Mahali. Darasa la shule ya msingi ni bora kuliko ofisi ya serikali ya mtaa, na bora zaidi kuliko ukumbi wa kanisa au msikiti. Kuna Mwislamu atakayekaa chini ya msalaba kwa adabu tu huku moyo wake ukiwa nje, na kuna Mkristo asiyejua avue viatu wapi. Hayo yatakuja yenyewe baada ya mwaka, kwa kualikana.

Viti vipangwe kwa duara, watu wakae kwa kupishana. Msiweke meza kuu.

Salamu. Wanasiasa wana desturi ya kupanga salamu zote kwa mstari, “Assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe,” na ukumbi ukaitika kwa zamu. Jukwaani inapita. Kwenye duara la watu kumi na wawili inaleta kigugumizi: anayeitika salamu ya mwenzake anajiuliza kama amekosea, asiyeitika anaonekana ana chuki. Semeni “Habari za jioni”, basi.

Dua na sala. Msitunge sala moja ya pamoja inayomtaja Mungu kwa namna ya kumridhisha kila mtu. Haimridhishi yeyote, na taarifa ya kwamba “sheikh wetu alisali na makafiri” au “mchungaji wetu aliitikia dua” itafika mtaani kabla ya wajumbe. Kaeni kimya dakika moja, kila mtu na Mola wake.

Chakula. Kahawa chungu, kashata, tende, maji ya chupa. Msipike nyama. Msitumie sufuria za kuazima ambazo hamjui zilipikia nini. Jambo la senti chache, lakini kamati zimeshavunjika kwa pilau.

Ajenda ya mikutano mitatu ya mwanzo isiguse dini kabisa. Chagueni kero inayomuumiza kila mtu sawasawa: mtaro ulioziba, kipande cha njia kisicho na taa, wezi wa betri za bodaboda. Mzibue mtaro wenyewe kwa majembe, Jumanne hiyo hiyo. Wenye haraka huona huku ni kupoteza muda. Wanaoruka hatua hii hukuta kwamba mkutano wa kwanza umegeuka mjadala wa Utatu, na mkutano wa pili haupo.

Makubaliano ya mtaa

Kuanzia mwezi wa nne mnaweza kufungua daftari la manung'uniko. Jambo moja kwa mkutano mmoja. Kila kinachokubaliwa kiandikwe kwa sentensi fupi, kisomwe kwa sauti, kisainiwe na wote kumi na wawili, na nakala ibandikwe kila nyumba ya ibada. Yafuatayo ndiyo hujirudia.

*Nyama.* Kwa desturi ya miaka mingi Tanzania, nyama ya kuuzwa buchani huchinjwa na Mwislamu ili kila mtu aweze kununua. Mgogoro wa 2012 na 2013 Kanda ya Ziwa ulitokana na upande mmoja kuona desturi hiyo ni kulazimishwa, na mwingine kuona kuivunja ni kulishwa haramu kwa siri. Tenganisheni mambo mawili ambayo kwenye hasira huchanganywa: nyama ya biashara kwa watu wote, na nyama ya sherehe ya nyumbani au ya kanisa. La pili ni la mwenye sherehe, ila aalike kwa uwazi, na akialika Waislamu awaambie nani kachinja, au aweke kuku wa pembeni aliyechinjwa na Mwislamu na sufuria yake mpya. Kitimoto kiwe na banda lake, visu vyake na gogo lake la kukatia, lisilopakana na bucha wala madrasa. Anayetembelea mabanda kukagua awe Mkristo. Akienda Mwislamu itaonekana ni uchokozi.

*Spika.* Nendeni mkasimame mlangoni kwa nyumba ya karibu kabisa na msikiti, kisha ya karibu na kanisa, saa ambayo kelele hulalamikiwa. Kusikia kwa masikio yenu kunapunguza ubishi kwa nusu. Mtagundua kwamba adhana yenyewe si tatizo, ni dakika tatu au nne na watu wameizoea. Kinachochosha ni mawaidha marefu ya baada ya Alfajiri kwa spika za nje. Vivyo hivyo ibada ya Jumapili haimkeri mtu, ila mkesha wenye honi nne zilizoelekezwa barabarani hadi saa kumi za usiku. Makubaliano yanayodumu huwa hivi: adhana haijadiliwi, mawaidha, ibada na mikesha hutumia spika za ndani kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, honi zigeuzwe zisielekee nyumba ya mgonjwa wala shule. Msikimbilie kwanza NEMC, chombo cha serikali cha mazingira kinachopokea malalamiko ya kelele. Spika ikichukuliwa na mamlaka, mtaa utasema ni mlokole au ni Mwislamu aliyechongea, hata kama mlalamikaji alikuwa wa dini ile ile.

*Mihadhara na mikutano ya injili.* Mhubiri mgeni ndiye hatari, kwa sababu kesho yake anaondoka. Mwenyeji wake atoe taarifa kwa kamati siku saba kabla, mbali na taarifa ya kisheria ya polisi ambayo ni saa 48. Ahadi ni moja: hubiri kitabu chako. Kusoma Biblia kwenye muhadhara ili kuikejeli, au kumsema Mtume Muhammad kwenye mkutano wa injili, ndiko kunakoleta mawe. Wajumbe wawili, mmoja wa kila dini, wakae mbele karibu na mitambo. Mhubiri akivuka mstari, mwenyeji ampelekee kikaratasi. Kuzima jenereta ni hatua ya mwisho, nayo inafanywa na mwenyeji mwenyewe, kamwe si na mtu wa dini ya pili.

*Kubadili dini na ndoa.* Kamati isijadili nani yuko sahihi. Iulize maswali mawili: ana umri gani, na yuko salama? Chini ya miaka 18, jambo linakwenda ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto, siku hiyo hiyo. Mtu mzima ana uamuzi wake, na kazi yenu ni kuzuia kaka zake wasiende na mapanga. Wanatumwa wanawake wawili wa kamati kwa mama mzazi, kimya kimya. Msitangaze popote, na asije mtu kumwonyesha “aliyeokoka” au “aliyesilimu” kwenye ibada kwa angalau miezi mitatu.

*Maziko.* Familia zenye dini mbili ni nyingi, na ugomvi hutokea maiti ikiwa ndani: upande mmoja unataka kuzika leo, mwingine unasubiri ndugu wa mikoani. Hakuna usuluhishi mzuri wa saa hizo. Dawa ni kuwahimiza watu waandike matakwa yao wakiwa hai, waweke nakala kwa kiongozi wao wa dini na kwa ndugu mmoja wa upande wa pili.

Uvumi: saa mbili za kwanza

Hii ndiyo sehemu ambayo kamati hupimwa. Muwe na karatasi yenye namba za simu za wote kumi na wawili, iliyochapwa, ikakaa pochini. Simu huishiwa chaji siku mbaya. Habari ikisikika, kwa mfano kwamba msahafu umechanwa, au msalaba umetupwa chooni, fanyeni hivi:

1. Aliyepokea habari ampigie mwenzake wa dini ya pili, si wa dini yake. Watu hukosea hapa mara nyingi zaidi kuliko popote.
2. Muulizeni aliyeleta: nani aliona kwa macho yake, wapi, saa ngapi? “Nimetumiwa” si jibu.
3. Wawili hao waende mahali penyewe pamoja, kwa miguu au bodaboda, ndani ya saa moja. Wasitume picha wala video kwa yeyote “ili kuhakiki”. Kuhakiki kwa namna hiyo ndiko kusambaza.
4. Kama ni mtoto aliyefanya, kwanza mtoto na wazazi wake wahamishwe mahali salama. Mijadala itafuata.
5. Tungeni maneno ya kutangaza, sentensi tatu, bila kurudia tusi lenyewe. Yasomwe na imamu msikitini na mchungaji kanisani kwa maneno yale yale. Kwenye makundi ya WhatsApp tumeni sauti iliyorekodiwa, chini ya dakika moja, msemaji akijitaja kwa jina. Maandishi yasiyo na mwenyewe hayaaminiki.
6. Mpigieni polisi kata, mumweleze mlichokiona, si mlichosikia. Kosa la kukashifu dini limo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Likithibitika liende huko, na mtaa uambiwe wazi kwamba limekwenda huko.

Msitangaze “ni uongo” kabla ya kufika. Mkikosea mara moja, mara ya pili hakuna atakayewasikiliza. Na habari ikiwa ya kweli, semeni ni kweli, na semeni nini kimefanyika.

Kuna aina ya uvumi isiyotoka mtaani kabisa. Mombasa, tarehe 27 Agosti 2012, Sheikh Aboud Rogo alipopigwa risasi na kufa akiwa garini, hasira ya vijana ilikuwa juu ya serikali, lakini siku hiyo hiyo makanisa yakashambuliwa. Kanisa lilikuwa karibu, serikali ilikuwa mbali. Tukio kubwa likitokea popote nchini, wajumbe Waislamu waende wakakae nje ya kanisa wakiwa na kahawa yao, au wajumbe Wakristo nje ya msikiti, bila kungoja uvumi ufike.

Panga nyumba za hifadhi mapema pia: nyumba mbili za Wakristo zinazoweza kupokea familia ya Kiislamu kwa usiku mmoja, na mbili za Waislamu kwa familia ya Kikristo. Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Desemba 2013, imamu Oumar Kobine Layama alipewa hifadhi nyumbani kwa askofu mkuu Dieudonné Nzapalainga. Nyumba hizo zijulikane na wajumbe wanne tu.

Fedha

Kadiri zinavyopungua ndivyo kamati inavyodumu. Nauli halisi ya bodaboda kwa atakayetumwa, kiasi kile kile kwa sheikh na kwa kijana. Kahawa kwa mchango. Shirika likija na posho ya kikao, kamati itakutana kila wiki hadi mradi uishe, kisha haitakutana tena. Wakitaka kusaidia, waambieni wachapishe makubaliano au wanunue bati la choo cha shule. Bahasha ya mgombea isipokelewe hata kidogo, na miezi mitatu kabla ya uchaguzi mjumbe yeyote anayegombea ajiuzulu.

Angalieni kalenda zote mbili mapema. Ramadhani husogea nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari na Ramadhani ikaanza wiki hiyo hiyo. Futari ya pamoja kipindi kama hicho ni nzuri, ila Mkristo aliye kwenye mfungo asiwekewe nyama Ijumaa.

Kama mmeshindwa kuzuia

Itatokea. Kanisa limechomwa, au duka la Mwislamu limeporwa. Asubuhi yake, saa kumi na mbili na nusu, wajumbe wa dini ile iliyoshambulia ndio wafike wa kwanza, na ndoo, mifagio na glavu. Wasije na kamera, wala kiongozi wa chama. Wasiombe msamaha kwa niaba ya watu ambao hawakuwatuma, na wasimwombe mwenye hasara aseme amesamehe. Neno hilo akilisema siku ya kwanza atalijutia wiki ya pili.

Waulize tu waanzie wapi. Mmoja akae na daftari pamoja na mweka hazina wa kanisa au mwenye duka, waandike kilichoharibika kimoja kimoja: mabati mangapi, viti vingapi, milango, kinanda, mita za waya. Orodha isainiwe na pande mbili siku hiyo hiyo kabla ya mchana, maana jioni idadi huanza kukua kwa upande mmoja na kupungua kwa mwingine.